Ghana na dola milioni moja za duka la mgeni

Mgeni anayetaka kuuza bidhaa za kutoka nje nchini Ghana anatakiwa awe na mtaji usiopungua dola 1,000,000 za Marekani, wa fedha au wa mali, na aajiri Waghana wasiopungua 20 wenye ujuzi. Ndivyo isemavyo Sheria namba 865 ya mwaka 2013, inayosimamiwa na kituo cha uwekezaji, GIPC. Sheria ya 1994 ilidai dola 300,000 na wafanyakazi 10 tu. Katika shughuli nyingine masharti ni mepesi: dola 200,000 ukiwa na mbia Mghana mwenye angalau asilimia 10 ya hisa, au dola 500,000 ukiwa peke yako. Viwanda vimesamehewa.

Kuna pia shughuli ambazo mgeni haruhusiwi kuzigusa hata awe na mamilioni: umachinga, kuuza kwenye vibanda vya soko, saluni na vinyozi, teksi za chini ya magari 25, kufungasha maji ya vifuko, kuchapa madaftari. Msomaji wa Kariakoo ataona kitu anachokijua, maana Tanzania nayo ilitangaza orodha yake ya biashara 15 mwezi Julai 2025, na Wakenya wakalalamika.

Orodha ya Ghana naielewa. Kazi ya kunyoa au kuuza maji haihitaji mtaji wa kigeni wala ujuzi wa kigeni, na aliyeacha kijiji akaja Accra kuitafuta hana pengine pa kwenda. Umoja wa wafanyabiashara wa Ghana, GUTA, una hoja nyingine nzito: mgeni mwenye kiwanda China au wakala Dubai anaagiza kwa bei ambayo mwenye duka wa Kumasi haipati, kisha anashuka mwenyewe hadi rejareja. Na Nigeria, ambayo raia wake ndio wanaoguswa zaidi, ilifunga mipaka ya nchi kavu kuanzia Agosti 2019 hadi Desemba 2020, bidhaa za Waghana zikakwama Seme, mpakani mwa Benin na Nigeria. Ukimwambia mtu wa GUTA habari za undugu wa Afrika Magharibi, atakukumbusha Seme.

Ila milioni moja ni jambo jingine. Anayeweza kuionyesha ni yule yule mwagizaji mkubwa ambaye GUTA inamwogopa. Anayeshindwa ni kijana wa Kiigbo kutoka Nigeria, muuza vipuri vya simu, mwenye mali isiyojaza nusu kontena. Huyu ndiye aliyefungiwa duka mwaka 2019 na 2020, ingawa ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, ilishaahidi raia wake tangu itifaki ya 1979 haki ya kuingia, kukaa na kuanzisha shughuli katika nchi wanachama. Serikali ya Ghana hujibu kwamba haki hiyo haifuti sheria za ndani. Kisheria jibu hilo lina nafasi yake. Kisiasa linatia aibu kidogo kwa nchi yenye makao ya sekretarieti ya eneo huru la biashara la Afrika, AfCFTA.

Tena kizingiti kirefu hivi kinazaa vivuli. Mghana anaandikisha kampuni kwa jina lake, mgeni anashika funguo na hesabu. Hapo serikali inakosa mara mbili, kwa sababu mmiliki halisi haonekani na kodi nayo haionekani.

Kwenye kodi, kampuni ya kawaida hulipa asilimia 25 ya faida, awe Mghana au mgeni. Juu ya mauzo kuna VAT ya asilimia 15 pamoja na tozo za bima ya afya na mfuko wa elimu, asilimia 2.5 kila moja. Mwajiri huchangia asilimia 13 ya mshahara kwenye hifadhi ya jamii. Mzigo huo si mdogo, lakini unamfuata mtu kwa kadiri anavyouza, haumkatai mlangoni.

Kwa hiyo mimi ningeiacha orodha ya biashara za wenyeji, nikashusha mtaji kwa raia wa ECOWAS hadi kiasi ambacho muuza jumla wa kawaida anakimudu, kisha nikawabana wote kwa risiti na ritani za kodi. GUTA haitakubali bila kelele, na Ghana hupiga kura kila baada ya miaka minne.