Swali Gumu kwa Rafiki: Redio ya Mrengo wa Kushoto Marekani na Mahojiano Yake Kuhusu Vita

Asubuhi ya tarehe 7 Novemba 2000, Wamarekani wakiwa wanakwenda kupiga kura, Rais Bill Clinton aliipigia simu stesheni ya WBAI ya New York. Siku hiyo alikuwa akizungumza na stesheni moja baada ya nyingine kuwahimiza wasikilizaji wajitokeze kumchagua makamu wake, Al Gore, na mkewe Hillary, aliyekuwa akigombea useneta. Simu za namna hiyo huwa fupi: mtangazaji hutoa shukrani, mkubwa huomba kura, kipindi kinaendelea. Safari hii aliyekuwa kwenye kipaza sauti alikuwa Amy Goodman, na swali lake la kwanza lilihusu wananchi wanaoamini kwamba vyama vyote viwili vimenunuliwa na makampuni makubwa. Mazungumzo yakaenda takriban nusu saa. Yalifika kwenye adhabu ya kifo, kwenye kisiwa cha Vieques huko Puerto Rico ambako jeshi la majini lilikuwa likifanyia mazoezi ya mabomu, kwenye kifungo cha Leonard Peltier, mwanaharakati wa Wenyeji wa Asili wa Amerika, na kwenye vikwazo dhidi ya Iraq. Clinton alikasirika, akamlaumu mhoji wake kwa uhasama na utovu wa heshima, lakini hakukata simu.

Watetezi wa redio za mrengo wa kushoto nchini Marekani huyataja mahojiano hayo kama ushahidi wa kile ambacho redio nyingine hazithubutu kufanya. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, kila ninapoyasikiliza upya, naona kwamba yanafunua pia udhaifu wa redio hizo, na udhaifu wenyewe umejificha ndani ya swali lililosifiwa kuliko yote, lile la Iraq. Nitalirudia baada ya kueleza redio hizi zilitoka wapi, kwa sababu bila asili hiyo ni vigumu kuelewa zilipata wapi ujasiri wa kumshikilia rais kwa nusu saa.

WBAI ni mojawapo ya stesheni za wakfu wa Pacifica, ulioanzishwa mwaka 1946 na Lewis Hill, mtu aliyekataa kwa sababu za dhamiri kubeba silaha katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Stesheni ya kwanza, KPFA ya Berkeley, California, ilianza kurusha matangazo tarehe 15 Aprili 1949. Hill hakutaka matangazo ya biashara wala ruzuku yenye masharti. Alitaka msikilizaji mwenyewe alipe, dola 10 kwa mwaka, ili mtangazaji asiwe na bwana mwingine. Fedha zilikatika mwaka 1950 na KPFA ikanyamaza kwa miezi kadhaa kabla ya kurejea hewani mwaka 1951, lakini wazo lenyewe lilisimama na baadaye likaigwa na redio za umma nchi nzima. Kilichosahaulika ni kwamba lengo la Hill halikuwa kujenga jukwaa la kambi moja. Yeye na wenzake waliamini kwamba vita huanza pale watu wanapoacha kusikilizana, na katika miaka ya mwanzo KPFA iliwapa nafasi wachambuzi wa mielekeo mbalimbali, wahafidhina wakiwemo.

Kwa nini redio hizi bado zinahitajika? Jibu fupi ni mwaka 2003. Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipohutubia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 5 Februari mwaka huo akidai kwamba Iraq ilikuwa na silaha za maangamizi, shirika la FAIR, linalofuatilia mwenendo wa vyombo vya habari, lilihesabu watu waliohojiwa kuhusu Iraq katika taarifa za habari za jioni za mitandao minne mikubwa ya televisheni, wiki moja kabla ya hotuba na wiki moja baada yake. Walikuwa 393. Waliotoka katika makundi yaliyopinga vita walikuwa 3 tu. Ni kweli kwamba FAIR yenyewe ina mwelekeo wa kushoto, na msomaji ana haki ya kulizingatia hilo, lakini hesabu ya namna hii inaweza kurudiwa na yeyote mwenye kanda. Katika kipindi hichohicho, aliyetaka kumsikia kwa kirefu Scott Ritter, aliyekuwa mkaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa na aliyeshikilia kwamba sehemu kubwa ya silaha za Iraq ilikuwa imekwisha kuteketezwa, angempata katika redio za aina ya Pacifica. Uvamizi ulipokamilika na wakaguzi wa Marekani wenyewe wakaripoti mwaka 2004 kwamba hawakukuta maghala ya silaha hizo, waliokuwa wamesikiliza redio hizo za pembeni ndio waliokuwa wamepata habari iliyo karibu zaidi na ukweli.

Kuna tukio lingine ambalo kwangu lina uzito kuliko hata hilo. Tarehe 12 Novemba 1991, Goodman na mwandishi mwenzake Allan Nairn walikuwa Dili, Timor ya Mashariki, nchi iliyovamiwa na Indonesia tarehe 7 Desemba 1975, siku moja tu baada ya Rais Gerald Ford wa Marekani na waziri wake wa mambo ya nje, Henry Kissinger, kukutana na Suharto, rais wa Indonesia, mjini Jakarta. Waombolezaji waliandamana hadi makaburi ya Santa Cruz kumkumbuka kijana aliyeuawa. Waandishi hao wawili walisogea wakasimama mbele, kati ya askari na umati, vifaa vyao vya kurekodia vikionekana wazi, wakitumaini kwamba macho ya wageni yangewazuia askari kufyatua risasi. Hayakuwazuia. Askari waliokuwa na bunduki za M-16 zilizotengenezwa Marekani walimpiga Nairn kwa vitako vya bunduki hadi fuvu la kichwa chake likapasuka, huku wakiwamiminia risasi waombolezaji. Waliouawa walizidi 250. Ripoti za waandishi hao, pamoja na picha za video zilizotoroshwa kutoka makaburini, zilichangia Bunge la Marekani kukata fedha za mafunzo ya kijeshi kwa Indonesia mwaka 1992.

Ukiwa umeyajua hayo, inakuwa vigumu kumwambia mtangazaji wa namna hii kwamba alipaswa kutokuwa na upande. Upande aliuona kwa macho yake pale makaburini. Aidha, madai kwamba vyombo vikubwa havina upande hayasimami, kwa sababu chombo kinachotegemea kukaribishwa Ikulu kesho hakiwezi kuuliza leo kila kinachopaswa kuulizwa. Ndiyo maana ya swali la historia katika mahojiano ya redio hizi: mgeni anayezungumzia shambulio la jana huulizwa pia juu ya mkataba wa miaka 40 iliyopita, nani alimuuzia nani silaha, na nani alikaa kimya. Taarifa ya dakika mbili haina nafasi ya swali hilo.

Sasa turudi kwenye swali la Iraq. Goodman alimwambia Clinton kwamba takwimu za Umoja wa Mataifa zilionyesha watoto hadi 5,000 walikuwa wakifa kila mwezi kwa sababu ya vikwazo. Clinton alikanusha, akasema Saddam Hussein alikuwa na fedha za mafuta za kutosha kuwalisha na kuwatibu watu wake lakini hakutaka. Kwa msikilizaji wa siku hiyo, huyo alikuwa rais anayekwepa. Utafiti wa UNICEF wa mwaka 1999 ulikuwa umekadiria kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilizidi kwa 500,000 kati ya 1991 na 1998, na Denis Halliday, mratibu wa misaada wa Umoja wa Mataifa nchini humo, alikuwa amejiuzulu mwaka 1998 kwa kupinga vikwazo. Goodman alikuwa na kila sababu ya kuuliza alivyouliza. Lakini tafiti zilizofanyika baada ya Saddam kuanguka hazikuikuta ile ongezeko kubwa la vifo, na mwaka 2017 watafiti Tim Dyson na Valeria Cetorelli waliandika katika jarida la kitabibu kwamba takwimu za 1999 zilikuwa zimechezewa na serikali ya Iraq. Vikwazo viliwatesa wananchi wa kawaida, hilo halina ubishi. Ila ile namba iliyogeuka kuwa nguzo ya hoja nzima ilitoka mikononi mwa dikteta.

Simlaumu Goodman kwa kutojua mwaka 2000 kilichokuja kuthibitishwa baadaye. Ninachouliza ni iwapo takwimu iliyotumika kumbana rais ilibanwa yenyewe kwa nguvu ileile, kabla na baada, na iwapo mgeni rafiki aliyeitaja aliulizwa imetoka wapi na nani aliikusanya. Kwa jinsi ninavyozifahamu redio hizi, swali la namna hiyo ni nadra. Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa kuna waambaji wawili, mhoji na mhojiwa, ambao wote wanaivuta ngozi upande mmoja. Mgeni anamaliza sentensi, mtangazaji anaongeza mfano unaoikoleza, na saa inakwisha bila mtu kusema: subiri kwanza, una uhakika?

Madhara yake yameonekana mahali pabaya. Zaidi ya wanaume na wavulana 8,000 Waislamu wa Bosnia waliuawa Srebrenica mwezi Julai 1995, na Mahakama ya Kimataifa kwa Yugoslavia ya zamani, kupitia hukumu ya rufaa ya Aprili 2004, ilithibitisha kwamba yalikuwa mauaji ya kimbari. Pamoja na hayo, walikuwepo wachambuzi wa mrengo wa kushoto wa Marekani, Edward Herman akiwa miongoni mwao, walioendelea kuipinga idadi hiyo, na chanzo cha ubishi wao kilikuwa hofu kwamba kuikubali kungeipa NATO uhalali wa kushambulia. Mtu anayeanza na shaka halali dhidi ya serikali yake anaweza kuishia kukana makaburi ya wengine. Hali kama hiyo ilijirudia Syria, ambako mashambulizi ya kemikali ya Ghouta, karibu na Damascus, tarehe 21 Agosti 2013, yaligeuzwa na baadhi ya watu wa kambi hiyo kuwa fumbo kuhusu Marekani, huku sauti za Wasyria waliokuwa chini ya mabomu zikipewa nafasi ndogo kuliko za wachambuzi wa mbali.

Chanzo cha tatizo hili, kwa maoni yangu, kimo ndani ya ule mpango mzuri wa Hill. Msikilizaji anayelipa ni bwana pia. Mara kadhaa kwa mwaka stesheni husimamisha vipindi vyake ili kuchangisha fedha, na hakuna mtangazaji asiyejua ni mgeni gani anayefanya simu zilie na ni yupi anayezinyamazisha. Wapo wafanyakazi wa Pacifica wenyewe waliolalamika kwamba nyakati hizo hewa hujaa wauza tiba zisizothibitishwa na nadharia za njama. Umiliki wa wasikilizaji una nguvu kubwa. Uongozi wa Pacifica ulipoifungia KPFA mwezi Julai 1999, maelfu ya watu waliingia barabarani Berkeley hadi stesheni ikarudishiwa watu wake. Nguvu hiyohiyo lakini ndiyo inayomfanya mtangazaji asite kuwaudhi waliomwokoa. Njia ya biashara haikutoa jawabu bora: mtandao wa Air America, ulioanza Machi 2004 ukiwa na Al Franken na Rachel Maddow kama majibu kwa Rush Limbaugh, mtangazaji maarufu wa wahafidhina, uliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2006 na kufungwa kabisa Januari 2010.

Wapo wanaodai kwamba dawa ni kurudisha kanuni ya uwiano, ile ya mwaka 1949 iliyowalazimu wenye leseni kutoa nafasi kwa maoni yanayokinzana, na ambayo tume ya mawasiliano iliifuta mwaka 1987. Sioni kama ingefaa. Kanuni hiyo ilihesabu wageni wa upande huu na ule, wakati ninachokitafuta ni swali moja zaidi kwa mgeni aliyekwisha kuketi.

Mfano upo, na umetoka katika kambi hiyohiyo. Studs Terkel, aliyehoji watu kwa miaka 45 katika stesheni ya WFMT ya Chicago, alikuwa mtu wa kushoto waziwazi; kazi yake ya televisheni ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu alikataa kuyakana maoni yake. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 90, aliketi na Paul Tibbets, rubani wa ndege iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima. Hakumhubiria. Alimuuliza juu ya mama yake, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye ndege ile, juu ya mafunzo, juu ya sekunde zilizofuata baada ya bomu kuachiliwa. Tibbets hakujuta, na alisema hivyo bila kuficha. Mtu anayechukia silaha za nyuklia anaondoka na kitu ambacho mgeni wa kambi yake asingeweza kumpa: namna mtu mwenye akili timamu anavyolitenda jambo kama lile na kisha kulala usingizi.

Vita vya Ukraine vinatoa nafasi ya kuijaribu njia hiyo. Mgeni anayekuja studio kueleza kwamba ahadi ya NATO kwamba Ukraine ingekuwa mwanachama wake, iliyotolewa katika mkutano wa Bucharest wa Aprili 2008 ilichochea vita ana hoja inayostahili kusikilizwa kwa saa nzima, na vyombo vikubwa vilimpa dakika chache mno. Akimaliza kuieleza, aulizwe juu ya miili ya raia iliyookotwa katika mitaa ya mji wa Bucha mwaka 2022 baada ya majeshi ya Urusi kuondoka, na aachwe ajibu bila kusaidiwa.