Hofu ilifunga maduka kabla ya amri

Bado wapo wengi wanaoamini kwamba uchumi wa dunia haukuangushwa na korona bali na serikali zilizofunga shughuli. Ni kweli pato la dunia lilishuka kwa takriban asilimia 3 mwaka 2020, mwaka uleule wa marufuku. Lakini ugonjwa nao ulikuwapo mwaka huo, na lawama zikaachwa ziangukie amri peke yake.

Tazama Denmark na Sweden, majirani wanaofanana kwa mengi. Machi 2020 Denmark ilifunga shule, migahawa na saluni. Sweden ikaacha sehemu kubwa ya maisha iendelee. Watafiti waliopitia miamala ya wateja wa benki moja inayohudumia nchi zote mbili walikuta matumizi yameshuka kwa takriban asilimia 29 Denmark na asilimia 25 Sweden. Pointi nne tu! Sehemu kubwa ya anguko ilitokea hata pale ambapo mgahawa ulikuwa wazi na hakuna aliyekatazwa kuingia. Ukichambua kwa umri, picha inazidi kukolea: waliovuka miaka 70 walibana matumizi zaidi Sweden kuliko Denmark. Virusi vilipoachwa vizunguke, wazee walijifungia wenyewe. Vijana, ambao hatari yao ilikuwa ndogo, ndio waliobanwa zaidi na amri ya Denmark. Amri, basi, iligawa upya mzigo ambao ungekuwapo kwa vyovyote, na sehemu yake ikawaondokea wazee. Sioni ubaya wa mgawo huo.

Wanaopinga wana hoja moja nzito, nayo ni fidia. Uingereza iliwalipa wafanyakazi waliosimamishwa hadi asilimia 80 ya mshahara, kikomo pauni 2,500 kwa mwezi. India ilifunga nchi nzima kwa taarifa ya muda wa saa nne tu, na vibarua wasio na akiba wakatembea mamia ya kilomita kurudi vijijini. Kumfungia ndani mtu anayekula alichopata leo, bila kumpa chochote, ni ukatili, na hapo siitetei serikali yoyote.

Ila umaskini wa nchi si kisingizio tosha. Aprili 2020 Togo ilianzisha Novissi: aliyepoteza kipato alijisajili kwa simu ya kawaida, akahakikiwa kwa kadi ya mpiga kura, akatumiwa fedha kwenye simu hiyohiyo, wanawake wakipewa zaidi kidogo kuliko wanaume.