Kwetu msamaha unaisha Novemba, huku ndo unaanzia hapo

Hii kitu imenikaa kwa roho tangu Januari. Nilikuwa nimekuja Nairobi kutoka Marekani, niko kwa dada yangu Umoja, na matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakatoka siku hiyo hiyo tulikuwa tumepanga kwenda kuona shosho. Kijana wa dada akaingiza namba ya mtihani kwa simu, sisi wote kimya, chai ikapoa mezani, halafu badala ya kumpa mamake simu akanipa mimi. C kavu. Pointi 45.

Hizo gredi nimezisoma mpaka nazijua kwa kichwa. Hesabu B+, fizikia B+, kemia C+. Halafu Kiswahili C-, historia C-, Kiingereza D+, bayolojia D+. Ukijumlisha inakuja 45 kwa 84, na C+ inaanzia 46. Pointi moja tu jameni. Na huyu mtoto tangu akiwa mdogo anafungua redio za watu wa ploti na kuzirudisha zikiongea, anataka uhandisi wa umeme, na masomo ambayo injinia anayahitaji ndiyo hayo amepita, lakini KUCCPS, wale wa serikali wanaopanga wanafunzi vyuoni, kabla wafike kwa klasta, yaani pointi za masomo ya kozi yenyewe, wanaangalia kwanza gredi ya wastani, na ukiwa chini ya C+ mlango wa digrii haufunguki hata kama fizikia uliipiga vipi.

Dada yangu alisema neno moja, atarepiti. Mwaka mzima mwingine, fii ingine, ili atafute pointi moja ya Kiingereza. Kijana hakujibu, akaenda kusimama kwa balkoni. Jioni akaniuliza, anti, na huko kwenu mtu kama mimi angefanywa nini?

Nilimjibu nusu nusu siku hiyo kwa sababu mamake alikuwa analia. Wacha nijibu vizuri sasa.

Naishi Sacramento, California, natunza wazee usiku. Msichana wangu alianza sekondari huku mwaka ule tulifika, na miaka miwili ya kwanza ilikuwa mibaya, nasema ukweli. Mimi nalala mchana, yeye anarudi nyumba imefungwa mapazia, lahaja ya walimu hajaizoea, akapata D ya aljebra darasa la 9 na D ya kemia darasa la 10. Darasa la 11 akashika, karibu zote A na B. Sasa hiyo karatasi yake ukiiangalia ni milima na mabonde, hakuna mahali imenyooka.

Huku hakuna KCSE. Vyuo vikuu vya umma vya California vile vinaitwa UC, ndani yake kuna Berkeley, UCLA, Davis na wengine, havina mtihani wa mwisho unaoamua, hata SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, waliacha kuiangalia kabisa tangu 2021. Wanachukua gredi zako za darasani, zile za masomo wanayoyakubali, darasa la 10 na la 11, ndizo zinatengeneza GPA, wastani wako wa gredi. La 9 lazima upite lakini gredi yake haiingii kwa hiyo hesabu. Ukipata D unaruhusiwa kurudia lile somo na gredi mpya ndiyo inahesabiwa, kwa hivyo mtoto wangu alirudia kemia likizo yote ya joto, wenzake wako kwa bwawa la kuogelea yeye yuko maabara. Halafu wanakupa maswali 8 unachagua 4, kila jibu maneno 350 na usipitishe, hapo unaeleza wewe ni nani na ulipitia nini. Aliandika kuhusu mapazia. Mimi nilisoma nikaenda kujifungia bafu.

Na bado hakuitwa. Watu wa nyumbani hawaniaminigi hapa, wanafikiria majuu kila mtu anaingia. UCLA peke yake mwaka 2023 ilipata maombi zaidi ya 145,000 ya wanaotoka sekondari na ikakubali chini ya mmoja kwa kila kumi, watoto wa A tupu wanakataliwa, sembuse mwenye milima na mabonde. Vyuo vinne aliomba, vinne vikasema hapana.

Sasa sikieni penye tofauti iko, kwa sababu sio penye nilidhani. Kwetu KCSE haina kumbukumbu. Ukicheza kidato cha kwanza, cha pili na cha tatu, ukaamka cha nne, Novemba ukiandika vizuri wewe ni A na hakuna mtu atakuuliza ulikuwa wa ngapi kidato cha pili. Huo ni msamaha mkubwa sana na huku hawana. Huku mtoto wa miaka 15 akiwa na semista moja mbaya sababu wazazi wameachana au mama anafanya kazi usiku, ile semista inamfuata mpaka kwa meza ya wale wanaochagua. Lakini msamaha wetu unaisha siku ya karatasi ya mwisho. Kuanzia hapo ile gredi ni kama jina la ukoo, utaiandika kwa kila fomu mpaka uzeeke. Na wao msamaha wao unaanzia pale wetu unaishia.

Msichana wangu akaingia komyuniti koleji, chuo cha mtaa, ambacho hakikatai mtu mwenye cheti cha sekondari. Mkaazi wa California analipa dola 46 kwa kila yuniti (kipimo cha uzito wa somo), na wengi wenye kipato kidogo hawalipi hata hiyo. Kuna kitu inaitwa TAG, ni ahadi iliyoandikwa: ukifanya masomo haya, ukipata GPA hii, chuo fulani cha UC kitakuchukua mwaka wa tatu, na unajua masharti yote siku ya kwanza kabla hujanunua hata kitabu. Vyuo sita vya UC viko kwa huo mpango, Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, UCLA na San Diego haviko lakini navyo vinachukua watu wengi kutoka koleji. Na gredi za sekondari wakati huo haziangaliwi tena, ile D ya aljebra iliachwa huko nyuma. Miaka miwili koleji, miwili chuo kikuu, jumla minne, sawa na wale walioingia moja kwa moja. Saa hii yuko Davis, anapanda basi asubuhi, na cheti atakachopata hakina mahali pameandikwa alipitia mlango upi.

Kwetu pia mlango wa pili uko, msiseme hauko. Na C yake kijana anaingia diploma, inataka C- tu, na ameshaanza, yuko politeknik ya Kabete anasoma umeme. Lakini angalieni hesabu. Diploma karibu miaka mitatu. Akimaliza akitaka digrii, mara nyingi anaomba chuo mwenyewe na analipa mwenyewe. Uhandisi ni miaka mitano. Akiwa na bahati wanamwingiza mwaka wa pili, hiyo ni saba jumla, asipokuwa na bahati anaanzishwa mwaka wa kwanza kama mtu ambaye hajawahi shika waya, inakuwa nane. Nani anaamua? Kamati ya kila chuo, ukishamaliza, ukishabeba transkripti yako kwa bahasha. Mimi sijaona mahali leo kijana wa Kabete anaweza kusoma kwamba hili somo la hesabu ya injinia nikilipita vizuri, chuo fulani kitalihesabu. Hiyo karatasi moja tu ndiyo inanikasirisha kukosekana kwake. Haihitaji pesa ya mkopo wa nje, haihitaji majengo, inahitaji watu wa politeknik na watu wa vyuo vikuu wakae meza moja walinganishe silabasi na waweke sahihi.

Na mimi sisemi hivi kwa kudharau nyumbani. Mashine ya KUCCPS haikujui wewe ni mtoto wa nani, na hilo nalipenda. Huku wenye nazo wanaajiri mtu wa kumsaidia mtoto kuandika yale majibu manne, wanaanza kumpanga akiwa darasa la 8, na mama anayelala mchana hajui hata hiyo kazi iko. Pia sio mara ya kwanza kwa familia yetu. Mwaka 1997 mimi nilipata B-, kwa karatasi nimefuzu, lakini wakati huo JAB, bodi iliyokuwa inaita watu vyuoni kabla ya KUCCPS, ilikuwa inaita kulingana na vitanda vya hosteli za vyuo, na vitanda viliisha mbali sana juu yangu. Mwaka uliofuata paralelo zikaanza, yaani digrii za kujilipia mwenyewe, mlango wa pili huo, ila wenye bei, na baba alikuwa na watoto sita. Nusu ya sababu niko Sacramento ni vitanda.

Kitu ingine inayonisumbua ni hii CBC, mtaala mpya wa Kenya. Gredi 10 wa kwanza wameingia Januari 2026 na KCSE ya mwisho ni 2027. Kwa mtihani wa Gredi 9 mwaka 2025 karatasi yenyewe ilikuwa asilimia 60, 20 ikatoka kwa tathmini ya shule na 20 ikatoka kwa mtihani wa Gredi 6. Maana yake sasa na sisi tumeanza kuwa na kumbukumbu, mtoto wa miaka 12 anabeba alama zake mbele. Sawa, ina uzuri wake, siku moja ya malaria haitaua miaka yote. Lakini kama tunachukua ile kumbukumbu ya huku bila kuchukua ule msamaha wa baadaye, basi mtoto mdogo wa dada yangu, yule wa Gredi 5, atakuwa na shida mbili penye kakake alikuwa na moja.

Dada yangu alikubali mambo ya Kabete shingo upande, majirani bado wanamuuliza kijana aliitwa wapi na yeye anajibu kwa sauti ya chini. Nimemwambia ajibu kwa sauti ya kawaida. Kijana ananitumia picha za bodi za saketi WhatsApp saa nane ya usiku yao na anaongea kuhusu mota kama mtu anaongea kuhusu mpenzi.

Desemba narudi. Tumekubaliana mimi na yeye tutabeba silabasi yake ya mwaka wa kwanza, tuende ofisi za udahili za vyuo viwili hapo Nairobi, tuulize yuniti gani watazihesabu na gani hawatazihesabu, na hatutaondoka na jibu la mdomo.