Siku niliyolamba sabuni mbele ya wateja

Kipimo changu cha sabuni ya miche nilikijua kama sala: mafuta ya nazi kilo 10, kostiki (ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) kilo 1.74, maji lita 4. Inatoka ngumu, nyeupe, na inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Halafu nazi ikapanda bei. Mawese yakawa yamejaa sokoni, nami nikajisemea mafuta ni mafuta tu. Nikaweka kando ndoo ya nazi, nikavuta ya mawese. Kostiki sikuipunguza hata kijiko.

Kumbe kila mafuta yana tumbo lake. Kilo moja ya nazi inakula kostiki gramu 183 hivi; ya mawese inashiba kwa gramu 141. Kwa hiyo kilo zangu 10 za mawese zilitaka kilo 1.41, na hapo mafuta hayabaki hata tone la kulainisha ngozi. Gramu 330 zilizozidi zikakaa ndani ya sabuni na njaa yao, zikisubiri mtu.

Dalili nilizipata. Kisu kilipopita, mche ulimomonyoka kama kashata iliyozidi sukari, na ndani mlikuwa na vitobo vyenye majimaji. Juu palikuwa na vumbi jeupe. Vumbi peke yake si kesi, hutokana na hewa tu, nami nikaling'ang'ania hilo ili nisiviulize vile vitobo.

Mafundi wa sabuni tuna kipimo cha bure: unalowesha kidole, unasugua mche, unagusisha ncha ya ulimi kidogo tu. Iliyokaa sawa ina ladha ya sabuni. Iliyozidi kostiki inakupiga kama umelamba betri ya redio. Hufanywa nyumbani, kimyakimya, maji yakiwa karibu.

Mimi nilikifanyia gengeni, Jumamosi.

"Kaka, mbona safari hii ya manjano? Isije ikatubabua," jirani akauliza.

"Dada, hii hata kulamba unalamba!"

Wala sikutumia kidole. Niliulamba mche mzima, kama koni.

Kimya. Machozi yalitangulia kabla ya maneno.

"Vipi?"

"Thafi."

"Nini?"

"Thafi thana."

"Na bei?"

"Mia thaba."

Watoto wakaiimba hiyo bei hadi magharibi.

Sabuni sikuitupa. Niliikwangua yote, nikaiweka kwenye sufuria la chuma cha pua, nalo nikaliketisha ndani ya sufuria kubwa la maji ya moto. La alumini usithubutu, kostiki inalitafuna. Nikaongeza mawese kilo 3: kilo 2.3 za kumaliza kostiki iliyobaki, zilizosalia za kuachia ngozi mafuta kidogo. Nikakoroga mpaka ikavutika kama ugali laini, nikaishindilia kwenye boksi la mbao, na baada ya kuikata nikaianika wiki 4.

Siku hizi nachanganya mawese kilo 7 na nazi kilo 3, kwa kostiki kilo 1.46. Rangi nabadilisha nitakavyo, boksi hata la maziwa linafaa. Mafuta yakibadilika, mizani na kalamu kwanza.

Miche ilipokauka nikairudisha gengeni. Ulimi nilishaujaribisha nyumbani, kwa kidole. Jirani akachagua miwili, akalipa, kisha akaunyoosha mmoja mpaka mdomoni kwangu.

"Anza wewe, Mia Thaba."