Mfamasia, dirisha la dawa na swali gumu

Mama anaomba dawa ya usingizi, mara ya tatu mwezi huu. Cheti cha daktari hana. Nyuma yake kuna foleni ya watu watano, mmoja amebeba mtoto anayekohoa. Mfamasia ana njia mbili za haraka: amwambie "bila cheti siwezi", au ampe tu (wapo wanaotoa, tusidanganyane). Njia ya tatu ni kumvuta pembeni na kumwuliza kinachomkosesha usingizi, na hiyo ndiyo inayofundishwa katika huduma ya kwanza ya afya ya akili.

Mafunzo hayo yalianza Australia mwaka 2000. Waasisi ni Betty Kitchener, muuguzi na mwalimu aliyewahi kuugua sonona mwenyewe, na mumewe Anthony Jorm, mtafiti. Kazi ya huduma hii ni kama ya kufunga jeraha: wewe si mtibabu, unamshikilia mtu mpaka afike kwa anayetibu. Unamsogelea, unapima kama yuko hatarini, unamsikiliza bila kumhukumu, kisha unamwelekeza kwa mtaalamu na kwa watu wake wa karibu.

Mfamasia anafaa kuliko wengi kwa kazi hii. Kuingia duka la dawa hakuhitaji miadi wala ada ya kumwona daktari. Tena dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, ilhali maudhi madogomadogo kama kukauka mdomo hutangulia, na hapo ndipo wengi huziacha. Wa kwanza kugundua ni nani? Ni yule anayeona kwamba fulani mwezi huu hakuja kuchukua dawa zake.

Ila tusiyape mafunzo sifa zisizo zao. Tafiti zinaonyesha kwamba aliyesoma huongeza ujuzi, hujiamini na hupunguza unyanyapaa. Kwamba anayesaidiwa hupata nafuu, hilo ni jambo jingine: mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, hayakupata ushahidi wa kutosha kulisema.

Lipo pia swali lenyewe. Kozi inafundisha kuuliza waziwazi, "Unafikiria kujiua?", kwa kuwa kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Naliafiki. Lakini litamke kwa mtu mzima dirishani, mbele ya majirani, uone atakavyokuangalia; atadhani unamwombea mabaya. Na Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo anayekujibu kwa ukweli kuhusu jana yake anakiri jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakiuka Katiba.

Kwa hiyo mfamasia anayejitolea siku zake za mapumziko kusoma kozi hii namheshimu, na ningemshauri asome. Mwajiri wake ndiye simwelewi: anatundika cheti cha kozi ukutani, halafu anahesabu wateja waliohudumiwa kwa saa. Kumsikiliza mtu dakika 15 hakuna risiti. Ningekuwa na duka, ningeanza na viti viwili nyuma ya kabati, mahali ambapo foleni haisikii, na mtu wa pili wa kushika dirisha. Kisha ningeulizia kliniki ya karibu inapokea wagonjwa wa akili siku gani, na nani hupokea simu pale. Ada ya kozi ningelipa baada ya hapo.