Kijumbe Namba Sifuri

Mke wangu anacheza upatu na wenzake, wako saba. Siku waliyosikia najifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wakanipa kazi: niwaandikie programu ya kupanga zamu za kupokea. Kazi ndogo, si ndiyo? Nikaandika majina saba kwenye orodha, nikaiagiza iniletee wa 7. Ikanimwagia maandishi mekundu: IndexError, eti nimevuka mpaka wa orodha.

Mpaka upi? Wanawake saba wamekaa sebuleni kwangu, wanakunywa chai yangu, nawaona kwa macho!

Kumbe Python inaanzia sifuri, kwa hiyo wa saba anakaa namba 6. Na ukiuliza urefu wa orodha kwa len, inakujibu 7 bila haya. Nenda sasa kwenye hiyo saba, hakuna mtu. Hii si lugha, ni dalali wa viwanja.

Kijumbe alipoona jina lake limetanguliwa na 0 alivua miwani.

"Baba Zuhura, mimi ndiye sifuri?"

Nikamwelewesha kwamba namba ile inahesabu hatua kutoka mwanzo wa orodha, na yeye yupo mwanzoni penyewe, hana hatua ya kupiga. Ni heshima hiyo, Mama.

"Sawa. Basi na mchango wangu uwe sifuri."

Wataalamu nao wanaitetea. Kuna Mholanzi, Edsger Dijkstra, mwaka 1982 alikaa chini akaandika waraka mzima, kwa mkono, kueleza kwa nini kuhesabu kuanzie sifuri. Dhahiri huyo mzee hakuwahi kushika daftari la upatu. Lugha nyingine za kompyuta, Fortran na Lua, wanaanzia moja, na watu wao wanakula na kulala kama kawaida.

Ila kinachonichoma hasa ni upendeleo. Ukitaja 7, unafokewa. Ukitaja -1, namba ambayo hata dukani haiuziki, unakaribishwa na kuletewa wa mwisho! Halafu iambie ikukatie kipande kuanzia 0 hadi 100, kwenye orodha ileile ya watu saba. Inakupa wote saba, kimya, wala haikunji uso. Yaani mia ruksa, saba marufuku.

Wakati bado nahema, wakaamua kumtoa mwenzao mwenye madeni. Nikaweka kitanzi, yaani amri inayojirudia, kipite namba kwa namba, kikimkuta kimfute. Kikamfuta. Ila kilikuwa kimeshachukua hesabu ya saba tangu mwanzo, na orodha imebaki sita. Jirani aliyekuwa nyuma ya mdaiwa akasogea kwenye nafasi yake, akarukwa, hakukaguliwa kabisa, na kule mwisho kitanzi kikagonga ukuta. IndexError tena. Jirani huyo naye, nasikia, anadaiwa.

Nikampigia kijana anayenifundisha. Akacheka kwanza, jambo ambalo silipi ada kwa ajili yake. Kisha akasema: usipite kwa namba, pita kwa majina yenyewe, na wasiodaiwa waweke kwenye orodha mpya. Ukitaka namba za kuwaonyesha watu, tumia enumerate, amri inayompa kila mmoja namba yake, uiambie start=1 ianzie moja.

Nikajaribu. Ikatoka moja hadi tano, maana jirani naye safari hii kanaswa, Kijumbe juu kabisa, miwani ikarudi usoni.

Nikamuuliza kijana, mbona hukuniambia haya tangu mwanzo?

Eti yako kwenye somo linalofuata, na sijalipia.