Nepal: Miungu Haigombani, Lugha Ndiyo Shughuli

Nilipokuwa kibaruani Doha, mwenzangu wa chumba alikuwa Mmagar, kabila moja la Nepal. Juu ya kabati lake alibandika picha ya Shiva, pembeni yake ya Budha, na udi wa asubuhi aliwasha kijiti kimoja kwa wote wawili. Nikamuuliza, kwani wewe dini gani hasa? "Kwenye fomu, Mhindu," akajibu, akaendelea kukunja shuka.

Fomu zenyewe, yaani sensa ya 2021, zinasema Wahindu ni asilimia 81 na Wabudha 8. Hazisemi lolote kuhusu Kumari wa Kathmandu: mtoto wa kike anayetolewa katika ukoo wa Kibudha wa Shakya, akaabudiwa kama Taleju, mungu wa Kihindu, mpaka avunje ungo. Wafalme walikuwa wakimwinamia awape baraka. Ufalme ukafutwa 2008, sasa anakwenda rais. Kule Muktinath nako, pahali pa hija milimani, zaidi ya mita 3,700 juu, Wahindu wanaoga maji ya barafu kwenye mifereji 108, na hatua chache tu kutoka hapo watawa wa kike wa Kibudha wanatunza mwali wa gesi utokao ardhini. Hakuna anayemfukuza mwenzake.

Ndiyo maana wanaoieleza Nepal kwa dini peke yake naona wanashika pasipouma. Panapouma ni kwenye lugha. Nchi ina lugha za mama 124, lakini enzi za Panchayat, utawala wa mfalme bila vyama vya siasa, 1960 hadi 1990, wimbo ulikuwa lugha moja, vazi moja, nchi moja. Na lugha hiyo ni Kinepali. Hata Wanewar, wenyeji hasa wa bonde la Kathmandu, manispaa ya jiji ilipoamua 1997 kutumia lugha yao ofisini, Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ilipiga marufuku 1999. Katiba ya 2015 inaziita zote lugha za taifa. Jina zuri, ila faili za serikali kuu bado ni za Kinepali.

Yule bwana, katika Kimagar, lugha ya kabila lake, alibakiwa na matusi ya bibi yake na majina ya vyakula tu. Binti yake alimpigia simu kwa Kinepali. Usiku mmoja akanigeuzia kibao: na hicho Kipare chako je?

Nikamwambia salamu ninazo, na kuhesabu mpaka kumi. Saba huwa inanitoka.